Crew, party, herd: mwongozo kamili wa kutaja makundi kwa Kiingereza kwa wanaopokea wageni Bagamoyo

Anayetembeza wageni Bagamoyo hutaja makundi kutwa nzima. Asubuhi anaeleza habari za wapagazi wa karne ya 19, mchana yuko ufukweni kwa wavuvi na samaki wao, jioni anawapeleka wageni kwenye ngoma katika chuo cha sanaa cha TaSUBa, na kesho yake alfajiri wako njiani kwenda Saadani kutafuta tembo na viboko. Kwa Kiswahili hababaiki. "Kundi" linabeba karibu kila kitu: kundi la watu, la mbuzi, la ndege, hata la nyota. Kiingereza nacho kina "group", lakini pembeni yake yamejipanga maneno mengine mengi, kila moja na watu wake au wanyama wake, na mgeni husikia mara moja likitumika pasipo pake.

Nimeuandika mwongozo huu kwa kijana anayejifunza kazi ya kuongoza watalii, kwa dada na kaka wa mapokezi, kwa manahodha wa boti za wageni, na kwa mwalimu wa Kiingereza anayetaka mifano ya hapa nyumbani. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana za mbele zinategemea za nyuma.

Hatua ya 1: Limudu kwanza "group"

Neno hili halikosei popote. "A group of people", "a group of trees", "a group of islands", yote ni sawa. Ukijikuta mbele ya wageni na umesahau kila kitu kilichomo humu, sema "group" na uendelee na maelezo yako. Nalisema hili mapema kwa sababu nimewaona vijana wenye Kiingereza kizuri wakikwama katikati ya sentensi, wanatafuta jina maalumu la kundi la kongoni, na kongoni wenyewe wameshaingia kichakani.

Kinacholiharibu "group" ni herufi moja tu. Kiswahili huonyesha wingi mwanzoni mwa neno: mtalii, watalii. Kiingereza huuweka mwishoni, na sikio letu halijazoea kuungoja huko. Ndipo unasikia "a group of tourist", "a group of student". Baada ya "group of", kitu kinachohesabika lazima kiwe katika wingi: "a group of tourists", "a group of students". Kanuni hiyohiyo inashika kwenye "one of the tourists", ingawa unamzungumzia mtu mmoja. Yapo maneno yasiyotaka s kabisa: "people", "children", "men", "women", "fish", "sheep". "Childrens" halipo. "Peoples" lipo, ila maana yake ni makabila au mataifa kadhaa, kwa hiyo ukisema "a group of peoples" kuhusu familia iliyokaa mezani, umewafanya kuwa mataifa.

Kwenye matamshi, "group" huishia midomo ikiwa imefungwa. "Grupu" la mtaani ni Kiswahili chetu na halina ubaya, lakini ukiwa kwenye Kiingereza funga midomo kwenye p kisha uunganishe moja kwa moja na "of", isikike kama "gruupov".

Hatua ya 2: Jiulize, hawa wamekusanywa na nini?

Hili ndilo swali litakalokutoa kwenye kukariri orodha. Karibu kila neno la kundi katika Kiingereza linasema ni kitu gani kimewaweka hawa pamoja: kazi, safari, damu, ibada, hasira au nguvu za mtu mwingine. Ukishajua kilichowakusanya, neno linakuja lenyewe. Ukichagua neno baya, umesema habari ya uongo kuhusu watu hao hata kama sarufi yako imenyooka.

Waliokusanywa na kazi ndani ya chombo ni "crew": wa jahazi, wa boti, wa ndege, na pia wanaopiga filamu. Linatamkwa "kruu", silabi moja. Abiria hawamo. Nahodha mara nyingi hutajwa peke yake, ndiyo maana utasikia "the captain and crew". Mmoja wao ni "a crew member".

Waliokusanywa na ajira ya mahali pamoja ni "staff", na hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu ndipo pwani nzima inapojikwaa, na bara vilevile. Tunasema "I am a staff here" na tunabandika mlangoni "Staffs only". Chanzo chake kinaeleweka: tuna "mfanyakazi" na "wafanyakazi", tukadhani "staff" ni mfanyakazi mmoja na "staffs" ni wengi. Sivyo. "Staff" ni kundi zima kwa mpigo. Mmoja ni "a member of staff" au "a staff member". Watatu ni "three members of staff". Notisi ya mlangoni iandikwe "Staff only". Mgeni akikuuliza kama unafanya kazi hapo, jibu jepesi na zuri kuliko yote ni "Yes, I work here". Neno "staffs" lina mahali pake, kwa mfano ukizungumzia wafanyakazi wa taasisi mbili au zaidi kwa pamoja, lakini mapokezini hutalihitaji.

"Team" ni watu wenye lengo moja, wanategemeana. Kiswahili kimelichukua likawa "timu" na matumizi yanakaribiana sana, kwa hiyo halina shida. Katika Kiingereza cha zamani lilitaja wanyama waliofungwa nira pamoja kuvuta jembe au mkokoteni, na bado mtu anaweza kusema "a team of oxen".

Umati una sura tatu. Watu wengi waliojaa mahali ni "crowd". Waliokaa kusikiliza au kutazama ni "audience", hivyo walio kwenye viti vya ukumbi wa TaSUBa ni "audience", na waliobanana nje getini ni "crowd". Wenye hasira, wanaotaka kumpiga mtu, ni "mob". Usiwaite wateja wa sokoni "mob" hata kama wamejaa namna gani. Waumini waliokusanyika kwa ibada ni "congregation", neno unalolihitaji ukieleza habari za kanisa la misheni iliyoanzishwa hapa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868.

"Gang" nalo liangalie. Kwetu genge linaweza kuwa kibanda cha nyanya na vitunguu, mahali pa heri kabisa. Kwa Kiingereza "gang" likitajwa bila maelezo hupeleka mawazo ya msikilizaji kwa wahalifu. Marafiki wanaweza kujiita hivyo kwa mzaha wao kwa wao. Wewe usiwaite vijana wa boti "the gang" mbele ya mgeni aliyefika jana.

Kikundi cha ngoma ni "troupe", na kundi la nyani au la askari ni "troop". Matamshi ni yaleyale, "truup", lakini maandishi ni tofauti. Ukiandaa tangazo au ratiba ya wageni, hakikisha wachezaji hawakuandikwa "a troop of dancers", maana mwenye jicho kali atawaona askari wanacheza. Kikundi cha wapiga muziki ni "band", cha waimbaji ni "choir", linalotamkwa "kwaia", mbali kabisa na herufi zake.

Hatua ya 3: "Party" ya mezani na ya mapokezini

Kama ungekuwa na nafasi ya kujifunza neno moja tu baada ya "group", ningekuambia ujifunze hili. Watu wanaosafiri au kula pamoja, waliokuja kama kitu kimoja, wanaitwa "party". Mgeni anaandika kuomba nafasi: "We are a party of five, two adults and three children." Asiyejua atasoma sherehe, na atajibu kwamba muziki hauruhusiwi baada ya saa nne usiku, wakati mwenzake alitaka vyumba viwili na kitanda cha mtoto.

Mezani, mhudumu anauliza "How many in your party?" na jibu ni "We're six" au "A party of six". Ukitaka kumwambia nahodha wenzake wa yule bibi wako wapi, sema "The rest of her party are still on the beach." Neno linafaa kwa kundi dogo linalojuana. Basi zima la watalii wasiofahamiana ni "a tour group".

Maana nyingine za "party" usizichanganye. Chama cha siasa ni "a political party". Wanaokwenda kumtafuta aliyepotea ni "a search party". Kwenye mkataba, "party" ni upande mmoja wa waliotia sahihi. Wenye magari wanalijua bila kujijua: katika bima ya "third party", mtu wa tatu ni yule uliyemgonga, baada yako wewe na kampuni ya bima.

Pamoja na "party" weka "couple". "A couple" ni watu wawili, mara nyingi mume na mke au wapenzi. "A couple of" mbele ya kitu ni viwili au vichache tu: "a couple of minutes", "a couple of boats". Na "a family of four" ni watu wanne wa nyumba moja waliosafiri pamoja. Shangazi na binamu waliobaki nyumbani hawahesabiwi hapo.

Hatua ya 4: Misafara, na heshima ya waliotembea

Hapa usiharakishe. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara kutoka bara, iliyopitia Tabora hadi Ujiji, na mgeni anayekuja kwetu mara nyingi amekuja kwa ajili ya historia hiyo.

"Msafara" kwa Kiswahili ni mmoja, kwa Kiingereza unagawanyika. Msafara wa biashara wa zamani, wa wapagazi na mizigo, ni "caravan", neno lenye asili ya Kiajemi. Magari au meli zinazokwenda pamoja kwa usalama ni "convoy". Msafara wa magari ya rais ni "motorcade". Ukiwa na Waingereza, "caravan" peke yake huwajia kichwani kama nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari wakati wa likizo. Kwa hiyo mara ya kwanza litaje kwa ukamilifu: "a trading caravan", "a caravan of porters". Baada ya hapo unaweza kulitumia peke yake.

Sasa jambo zito. Mara nyingi watembezaji husema sentensi moja inayobeba wote: "The slaves came in caravans carrying ivory." Sentensi hiyo inawafuta watu. Wapagazi wengi waliofika Bagamoyo, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliobeba mizigo kwa malipo, wakakaa mjini wakisubiri mzigo wa kurudi nao bara. Hao walikusanywa na kazi. Wengine walikuja wamefungwa minyororo au kongwa shingoni, wakipelekwa kuuzwa. Hao walikusanywa na nguvu. Walipita njia moja, wakati mwingine ndani ya msafara mmoja, lakini hawakuwa kundi moja, na Kiingereza kinakupa njia ya kuwatenganisha.

Kwa waliolipwa, sema "porters", "a caravan of paid porters". Kwa waliofungwa pamoja na kuswagwa, lipo neno "coffle", linalotamkwa "kofo" na l nyepesi mwishoni. Limetoka kwenye Kiarabu "qafila", msafara, lakini katika Kiingereza limebaki na maana ya watu au wanyama waliofungwa mnyororo mmoja wakitembezwa. Si wageni wote wanaolijua, kwa hiyo litaje na ulieleze papo hapo: "a coffle, a line of people chained together". Na badala ya "slaves" pendelea "enslaved people", kama wanavyofanya waandishi wengi wa historia siku hizi, kwa sababu utumwa walifanyiwa, hawakuzaliwa wakiwa kitu hicho. Ukiwa umesimama mahali ambapo watu hao walipita, haya si mapambo ya lugha. Wanaokusikiliza wanaweza kuwa wajukuu wa wajukuu wao.

Mfano mwingine wa hapa hapa ni wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti. Alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na mwili wake ukabebwa hadi Bagamoyo, ukafika Februari 1874. Waongozaji wengi husema "his men carried him". Kati ya waliosafiri na mwili huo walikuwamo wasaidizi wake Chuma na Susi, ndiyo, lakini walikuwamo pia wanawake. "His men" inawaacha nje. "His party" au "his companions" inawaingiza wote, na ni Kiingereza kizuri zaidi.

Hatua ya 5: Wanyama wa Saadani

Saadani ni hifadhi ya taifa inayogusa Bahari ya Hindi, kwa hiyo siku moja inaweza kukutaka maneno ya nyika, ya mto na ya bahari. Usijaze kichwa. Manane au tisa yanatosha kazi yote.

"Herd" ni kwa walao majani wakubwa: tembo, nyati, kuro, kongoni, twiga, pundamilia, na ng'ombe pia. Matamshi yake ni sawasawa kabisa na "heard". Sisi tunalitamka likawa "hard", na mgeni anabaki akijiuliza ni kitu gani kigumu. Irabu yake ni ile sauti ndefu ya mtu anayesita kabla ya kujibu, ulimi umelala katikati ya kinywa. Ukiwaonyesha tembo, waeleze pia ni kundi la namna gani. Majike na watoto wanaoongozwa na jike mkubwa ni "a herd". Dume mzima akiwa peke yake ni "a lone bull", maana madume hukua na kujitenga.

Simba ni "pride", lakini si simba wowote walio pamoja. "Pride" ni majike wenye udugu, watoto wao, na dume mmoja au zaidi. Madume wawili au watatu wanaozunguka pamoja bila majike huitwa "a coalition". Damu na ushirika vimetenganishwa hapo, swali lilelile la hatua ya pili.

Viboko wa Mto Wami ni "pod", na pomboo baharini ni "pod" vilevile. Mamba hawana neno la kila siku, sema "several crocodiles" au "a group of crocodiles". Nyani na mbega ni "troop". Ndege ni "flock", kuanzia kwarara hadi heroe, wale warefu wa rangi ya waridi wanaoonekana kwenye mashamba ya chumvi. Liangalie tu hilo l, usije ukasema "frock", ambalo ni gauni. Kondoo nao ni "flock". Nyuki wakiruka kwa pamoja ni "swarm", na wakiwa wametulia kwenye mzinga wao ni "colony". Popo wa Mapango ya Amboni kule Tanga ni "colony" pia, kwa sababu kinachowakusanya ni makao.

Samaki ni "school" au "shoal". Wengi wa kwetu wanacheka kusikia samaki wana shule, lakini neno hili halina uhusiano na shule ya kusomea. La samaki lilitoka Kiholanzi cha zamani, likiwa na maana ya kundi, na "shoal" linahusiana nalo. La kusomea lina asili ya Kigiriki. Wataalamu wa samaki hutofautisha: "shoal" ni samaki waliokaa karibu karibu tu, "school" ni wale wanaogeuka wote kwa mara moja kuelekea upande mmoja. Ukiwa kwenye boti, na mgeni amevaa miwani ya kuzamia, "a school of fish" ndilo analolitarajia.

Kwa kasa, mayai yote ya mtago mmoja ni "a clutch of eggs". Kasa wa kijani anayetaga kwenye fukwe za Saadani anaweza kuacha mia moja hivi kwa mara moja, kwa hiyo hilo neno moja linakuokoa na sentensi ndefu.

Kisha kuna majina ya madoido. Kunguru wetu, wale walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wamejaa pwani yote, wakitua kwenye mkokoteni wa samaki, mgeni anaweza kusema "Look, a murder of crows!" Usishtuke, hakuna aliyeuawa. Jina hilo limo kwenye kitabu cha uwindaji kilichochapwa St Albans, Uingereza, mwaka 1486, chenye orodha ndefu ya majina ya makundi ambayo mtu wa tabaka la juu alipaswa kuyajua. "Pride" ya simba nayo imo. Baadhi yalikuwa utani tangu siku hizo, na mengi hayakuwahi kutoka mdomoni mwa mfugaji wala mvuvi. Siku hizi yapo pia "a tower of giraffes" na "a dazzle of zebras". Yajue ili uyaelewe yakisemwa, na ukipenda mchangamshe nayo mgeni mwenye kupenda maneno. Kwa kazi ya kila siku "herd" linatosha, na aliyeandika orodha nzima kwenye daftari bila kujua kutamka "herd" ameanzia juu ya mti.

Hatua ya 6: "Is" au "are"?

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, ingawa sisi Watanzania tuna mfano bora nyumbani. Siku ya mechi, mmoja atasema "Simba imeshinda", mwingine "Simba wameshinda". Wa kwanza anaiona klabu kama kitu kimoja, wa pili anawaona wachezaji. Mwingereza hufanya hivyohivyo: "The team is winning", "The team are winning", zote utazisikia Uingereza. Mmarekani hupendelea "is".

Ukiandika, na hasa ukiwa kwenye mtihani, umoja ni salama zaidi: "A herd of elephants is crossing the road." Ukizungumza na kundi likaonekana kama watu mmoja mmoja, wingi hautakuangusha: "The crew are all from Bagamoyo." Usichanganye ndani ya sentensi moja, "is" kisha "their", kama unaandika barua rasmi.

Kuna matatu yasiyo na hiari. "People", "police" na "cattle" ni wingi siku zote: "The police are here". Askari mmoja ni "a police officer". Ng'ombe kumi ni "ten head of cattle", bila s kwenye "head".

Na kuna yanayokwenda kinyume, yanayotaja vitu vingi lakini hayana wingi kabisa. Mapokezini la kwanza ni "luggage". "Your luggages are here" husikika kila siku. Sema "Your luggage is here", na ukitaka kuhesabu, "two bags" au "two pieces of luggage". "Furniture", "equipment" na "information" yanafuata njia hiyohiyo.

La mwisho: "A number of guests have arrived" ni wageni kadhaa wamefika. "The number of guests has gone up" ni idadi yao imeongezeka. Herufi "a" na neno "the" ndizo zinazobadilisha kila kitu hapo.

Hatua ya 7: Sokoni

Soko la samaki la ufukweni ni mahali pazuri pa kumaliza matembezi, na Kiswahili chetu cha vipimo ni kitajiri kuliko Kiingereza. Mgeni ataelekeza kidole na kuuliza bei, nawe lazima umwambie ni bei ya nini.

Fungu la nyanya ni "a pile of tomatoes", lakini fungu la mchicha lililofungwa ni "a bunch". Samaki waliotungwa kwenye ukamba, yaani mtungo, ni "a string of fish". Tita la kuni ni "a bundle of firewood". Chote kilichovuliwa leo ni "today's catch", maneno mawili mazuri sana ya kumwelekezea mgeni kwenye mnada. Kwenye ndizi kuwa mwangalifu: wafanyabiashara wa Kiingereza huita mkungu mzima "bunch" au "stem", chane "hand", na ndizi moja "finger", ila mgeni wa kawaida akisema "a bunch of bananas" anataka chane tu. Mwonyeshe kwa mkono kabla muuzaji hajaukata mkungu.

Doti ya kanga ni "a pair of kangas". Ongeza kwamba vipande viwili vinakuja vimeunganika na hukatwa na kupindwa baadaye, la sivyo atadhani ameuziwa kitambaa kimoja kirefu.

Hatua ya 8: Kulisemesha kundi lenyewe

Kiswahili kinatubeba: "karibuni", "hamjambo", "jamani", na kila mmoja anajua kwamba ametajwa. "You" ya Kiingereza haisemi ni mmoja au wengi, kwa hiyo unaongeza neno. "Welcome, everyone" inafaa popote. "Ladies and gentlemen" ni ya hotuba na shughuli rasmi. Kwa wawili, "both of you". Kwa wengi, "all of you", ingawa kwa amri inaweza kusikika kali, hivyo badala ya "All of you, come here" sema "Could everyone come this way, please?" Vijana wageni hujiita "you guys", na wakikuzoea unaweza kuwarudishia, lakini kwa wazee wa umri wa babu na bibi yako baki kwenye "everyone". "You people" usiitumie kabisa. Kwetu "nyie watu" inaweza kuwa utani wa upendo, kwao ina harufu ya dharau.

Namna ya kufanya mazoezi

Chagua njia unayoipita kila siku, tuseme kutoka stendi hadi ufukweni, na kila kundi unalokutana nalo litaje kwa sauti ndogo kwa sentensi nzima: wanafunzi, bodaboda kijiweni, waliopanga foleni, mbuzi, kunguru, wavuvi ndani ya chombo. Kila mara anza na swali la hatua ya pili, kilichowakusanya ni nini, ndipo uchague neno. Ukikwama, tumia "group" na uendelee kutembea. Kisha mpe mwenzako nafasi akuigizie mgeni mezani na mapokezini, akuulize "How many in your party?" mpaka ujibu bila kufikiri. Jirekodi kwenye simu ukisema "herd", "crew", "choir" na "a group of tourists", ujisikilize kama ile s ya mwisho inasikika. Na mgeni akikusahihisha, andika alichosema pamoja na nchi aliyotoka, kwa sababu Mwingereza na Mmarekani hawatakupa jibu moja kwenye "is" na "are".